Spea za gari la kizamani Dar: uende chakavuni, dukani Gerezani, ukereze au uagize nje?

Ukishuka Gerezani ukataja spea ya gari la mwaka 1978, winga wa kwanza kukusikia atakwambia ipo kabla hujamaliza kusema. "Ipo bosi, orijino kabisa, nipe dakika mbili." Anapotea vichochoroni, anarudi anahema, mkononi kashika kitu kimefungwa nailoni, na mara nyingi kitu hicho si cha gari lako. Simlaumu. Yeye anauza miguu yake, na maduka yaliyo nyuma yake yamejaa spea za magari yanayotembea mjini leo: Noah, IST, Hiace, Canter. Gari la kizamani ni kesi nyingine. Mtu akiniuliza siku hizi "spea unapata wapi?" namrudishia swali: spea gani? Kwa sababu jibu la wili silinda ya breki silo jibu la kitasa cha mlango.

Mimi nahangaika na Land Rover Series III, ile 109 ya chasi ndefu, niliyoachiwa na baba mdogo. Ilikuwa imekaa Mbagala chini ya mwembe miaka 11, kuku wanatagia siti ya nyuma. Miaka mitatu ya kuifufua imenipitisha kwenye njia zote nne zilizopo mjini: maduka ya Gerezani na Kariakoo, yadi za chakavu za upande wa Buguruni na Vingunguti, mafundi wa kukereza, na kuagiza nje. Kila njia imenipa raha yake na kila njia imenila hela. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu kwa kufuata spea, si kwa kufuata mtaa, maana hivyo ndivyo utakavyoamua ukiwa na gari juu ya mawe na fundi anakutazama.

Breki na kila chenye mpira

Hapa mashindano ni kati ya duka na agizo tu. Chakavu haimo kabisa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa wili silinda. Land Rover ya chasi ndefu ina drami za inchi 11, ile fupi ya 88 ina za inchi 10, kwa hiyo nilikwenda na ya zamani mkononi ili nisiuziwe ya ndugu yake. Muuzaji, kijana mchangamfu, akanitolea boksi safi lenye jina la kiwanda maarufu, ila herufi moja ya jina imekosewa. Ile herufi niliiona. Nikanunua hivyo hivyo, kwa sababu ilikuwa Ijumaa jioni na fundi alikuwa ananisubiri. Umbo lilikuwa sawasawa. Wiki ya tatu, nakaribia Mtoni kwa Aziz Ali, pedali ikazama taratibu mpaka sakafuni, laini kama nimekanyaga mkate. Nilisimama kwa gia na handibreki. Tulipofungua, ukuta wa ndani wa silinda ulikuwa na mistari kama sahani ya santuri, na mpira umeliwa ukingo mzima.

Nilizoagiza baadaye kutoka Uingereza zilinigharimu karibu mara tatu ya zile, ukijumlisha usafiri na kodi, na zilikaa njiani wiki tano. Hazijavuja mpaka leo. Kwa hiyo kwangu hesabu ya breki imeisha: kama gari linaweza kusubiri, agiza. Kama haliwezi, nunua dukani lakini usilipe kabla ya kuchomoa pistoni palepale kaunta, futa mafuta, pitisha ukucha ndani. Ukucha ukikwama, rudisha. Muuzaji mwenye mali nzuri hakasiriki.

Kuna mtego mtamu zaidi ya huo, nao ni spea mpya ya zamani. Kabla ya 1984, serikali ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, magari na spea viliingia nchini kwa tabu, na State Motor Corporation, shirika la serikali la magari, ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa. Aliyekuwa na spea aliificha kama dhahabu. Baadhi ya mali hiyo bado imelala kwenye mashelfu ya juu ya maduka ya wazee: boksi halijafunguliwa, karatasi ya nta iko palepale, bei mzee anaitaja kwa kukisia. Ukikuta plagi, koili, gia, kifuniko cha distributa, chukua na ushukuru. Ukikuta oili sili au mipira ya breki, ikunje kidogo kwa vidole. Itaonyesha nyufa nyembamba za kijivu. Mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi, na muuzaji haoni sababu ya kukwambia hilo.

Beringi ni hadithi nyepesi. Beringi haina kabila la gari. Ina namba, na namba hiyo ni ileile duniani kote: 6205 ni tundu la milimita 25, nje 52, unene 15, iwe imetoka kwenye pampu ya maji au kwenye mashine ya kusaga. Usiende kuomba "beringi ya Land Rover"; futa grisi, soma namba, nenda duka la beringi Kariakoo. Watu wameagiza nje beringi zilizokuwa zinauzwa hatua mia mbili kutoka gereji yao. Za injini ndizo zina jambo la kujua kabla ya kuondoka nyumbani: injini ya Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na krenki ya beringi kubwa 3 mpaka ilipofika 1980, kisha ikawa 5. Usipolijua hilo utanunua seti isiyo yako, na dukani hakuna atakayekuzuia.

Chakavu: kwa vitu visivyochakaa

Mji huu una yadi za chakavu za kila aina, kuanzia banda la Buguruni lenye mizani moja ya kuning'iniza mpaka viwanja vya Vingunguti ambako malori yanashusha. Tabata Dampo nako kuna mafundi na vipande vya magari. Kwa mgeni, kanuni ya chakavu ni rahisi kuelewa: hapa hakuna spea, kuna kilo. Mwenye yadi hajui kama kile alichokalia ni kava ya gia boksi ya gari lililoacha kutengenezwa 1985. Anajua ni alumini au ni chuma, na alumini ina bei.

Hapo ndipo penye uchungu wa mwenye Land Rover. Bodi yetu ni ya aloi ya alumini, na hata kava la gia boksi ni alumini. Wayeyushaji wanaitaka kwa ajili ya sufuria. Chasi na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na bawaba ni chuma, vinaliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo utavikuta vingi na vyote vimeoza. Milango mizima ambayo haijaoza, hiyo ndiyo inayoondoka kwanza. Naamini kuna nyumba Dar zinapika wali kwenye mlango wa Land Rover. Kwa hiyo chakavuni mashindano yako si na mnunuzi mwingine wa spea. Ni wewe na tanuri. Nenda asubuhi, lori linaposhusha, kabla mzigo haujapangwa na kukatwa.

Kava yangu ya gia boksi niliipata hivyo. Saa moja asubuhi, nimesimama na smaku, tochi ya simu na kiroba. Kijana wa yadi akaitupa chini kutoka kwenye lori, ikalia kama kengele. Hiyo tu ilinifurahisha, maana alumini yenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Niliigeuza, nikafuta matope kwa kidole gumba kwenye viti vya beringi, nikapaka mafuta ya taa pande zote, nikasubiri kidogo, nikafuta ikakauka, nikapitisha chaki. Mafuta ya taa hujificha ndani ya ufa na kutoka polepole. Chaki ikilowana mstari mwembamba, hapo pana ufa. Haikulowana. "Kaka, unapika nini?" kijana akaniuliza. Tukapima kilo, nikaongeza elfu tano ya kutoikata. Dukani kitu hicho hakipo kwa bei yoyote, na kukiagiza kwa uzito ule ni kulipia ndege kiti kizima.

Kwa hiyo chakavu inashinda kwa viunzi, kava, bawaba, mabano, vioo vya milango, siti, springi za majani na kila kitu kisicho na mpira wala kisichosuguliwa. Kwa vinavyosuguliwa, pima. Distributa: shika shafti yake uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, iache, hata kama imeng'aa. Kichwa cha injini cha lita 2.25 ni chuma cha kusubu na kinaweza kupasuka katikati ya vali, kwa hiyo chaki na mafuta ya taa tena, halafu ulaze rula ya chuma usoni uangalie mwanga unaopita chini yake.

Difu, ile gia ya kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa miguu, ndiyo inayowaponza watu wengi. Series zina uwiano wa 4.7, yaani flanji ya shafti inazunguka mara 4.7 ili gia kubwa izunguke mara moja. Discovery na Range Rover za zamani zina 3.54, na difu yao kwa macho inafanana na ya mbele ya kwetu. Mtu atakuuzia kwa roho safi. Ukiifunga mbele huku nyuma umebaki na 4.7, siku utakapoweka gia ya miguu minne kwenye lami kavu, miguu ya mbele na ya nyuma itakuwa inavutana mpaka kitu kivunjike. Ikiwa difu iko chini mkononi mwako, weka alama ya chaki kwenye gia kubwa, zungusha flanji, hesabu. Ikifika mizunguko mitatu na nusu alama ikarudi, iache hapo hapo. Ikizidi minne na nusu kidogo, ni yako. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na nimewahi kuona wanaume wawili wazima wakilipa bila kuifanya.

Jambo la mwisho la chakavuni ni nati. Gari la Kiingereza la miaka hiyo lina nati za inchi, na fundi kijana aliyekulia kwenye Toyota hana hata spana zake. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94. Bolti ya milimita 8 ina 8. Tofauti haionekani kwa macho. Ya milimita 8 itaingia kwenye tundu la inchi mzunguko mmoja na kitu, kisha itakaza, fundi atasema "kutu tu hiyo", ataongeza nguvu, na uzi wote wa alumini utatoka kama pilipili iliyosagwa. Kwa hiyo ukinunua kitu chakavuni, nunua na bolti zake hata kama zimeota kutu. Mwenye yadi atakucheka.

Usisahau risiti. Biashara ya chuma chakavu ina vibali vyake vya NEMC, baraza la mazingira la taifa, kwa sababu reli na nyaya zimewahi kuishia kwenye mizani hizo, na mali ya wizi ukikutwa nayo wewe ndiye utakayeeleza. Kuna utani mjini wa mtu aliyeibiwa vioo vya pembeni usiku, asubuhi akaenda kununua vingine, akauziwa vyake vilevile vyenye mkwaruzo wake. Sijui kama ilitokea, ila sijawahi kukutana na mtu wa Dar aliyeishangaa.

Kabureta: mzee aliyechoka au kopi mpya?

Hili nilitaka kuliweka pembeni kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi.

Kabureta ya Series III ya petroli kwa kawaida ni Zenith 36IV. Zipo kopi mpya, zinang'aa, zinaletwa na kuuzwa kwa bei isiyoumiza. Zipo na za zamani chakavuni, nyeusi kwa masizi. Mimi nimefunga zote mbili. Kopi iliwaka siku ya kwanza na nikajiona mjanja. Mwezi wa pili ikaanza kunywa mafuta na kukoroma kwenye gia ya tatu, na kila nikirekebisha jeti asubuhi, jioni imeshahama. Ile ya zamani ilikuwa na ugonjwa unaojulikana wa Zenith hizi: uso wa juu unapinda kwa joto, hewa na mafuta vinapita pasipostahili. Dawa yake ni msasa laini juu ya kipande cha kioo bapa na subira. Fundi wangu, mzee wa Keko, aliisugua kwa duara dogo dogo kama mtu anayesaga dawa ya mtoto, akaweka oringi mpya, akafunga.

"Mwanangu, hii ilitengenezwa na watu waliojua itazeeka," akaniambia.

Nakubaliana naye, isipokuwa kwa sharti moja. Shika ekseli ya kifuniko cha hewa chini ya kabureta, itikise. Ikiwa inacheza kwenye matundu yake, basi inavuta hewa na hakuna msasa utakaoitibu; hapo ama fundi wa kukereza aitilie bushi, ama ununue kopi ukijua utaishi nayo kwa kuombeana dua.

Kukereza

Watu hukimbilia kuagiza vitu ambavyo mkerezaji wa hapa angevitoa kabla ya adhuhuri. Gerezani wako, na Vingunguti kwenye eneo la SIDO, shirika lililoanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, utakuta mashine na watu wanaosoma mchoro. Bushi za springi, bushi za shaba za gia boksi, pini, speisa, shafti ya pampu ya maji, puli: hivi vyote kwangu kukereza kunashinda agizo kwa bei na kwa muda, na mara nyingine kwa ubora, kwa sababu bushi inatengenezwa kwa kipimo cha shimo lako lililokwisha kuliwa, si kwa kipimo cha kitabu.

Ushindi huo una masharti. Mpelekee kipande cha zamani pamoja na kile kinachoingia ndani yake, vyote viwili, asikisie. Muulize chuma atakachotumia. Mkerezaji mzuri atakuonyesha kipande cha shafti ya ekseli ya lori na kukueleza kwa nini anakipenda. Mbaya atachukua nondo ya ujenzi. Na usikereze kitu cha usukani wala cha breki. Mzee wa Keko alinikatalia katakata nilipomwomba anitafutie wa kunichongea mkono wa stelingi. Hakueleza. Alinitazama tu, akarudi kunywa chai yake.

Kukereza kunashindwa pia pale penye meno. Gia moja inaweza kuchongwa, ndiyo, lakini kuipa ugumu wa uso bila kuifanya ivunjike kama biskuti ni kazi ya tanuri lenye vipimo. Kwa gia, rudi chakavuni au agiza.

Kuagiza nje

Faida yake ni namba. Spea za Land Rover za zamani zina namba za tarakimu 6, au zinaanza na herufi kama RTC, na ukiwa na namba sahihi unaagiza bila kubahatisha. Hasara yake ni kila kitu kingine. Kuna usafiri, kuna ushuru unaotegemea aina ya bidhaa, na juu yake VAT ya asilimia 18 inayopigwa baada ya ushuru na usafiri kujumlishwa. Kitu cha shilingi elfu themanini kinafika kwako kikiwa kinazungumza lugha nyingine. Ndiyo maana siagizi kimoja kimoja. Naandika kwenye daftari miezi minne, kisha naagiza vidogo vyepesi kwa mkupuo: mipira, oili sili za inchi, gasketi, mipira ya breki, diaframu ya pampu ya mafuta. Vizito sigusi. Kama una ndugu anakuja likizo, mwombe, lakini umwombe kitu kinachoenea kwenye kiatu, si springi.

Angalizo moja kwa mnaoagiza kutoka Ufaransa au Ujerumani badala ya Uingereza: taa za mbele. Taa za nchi zinazoendesha kulia humulika mbali zaidi upande wa kulia. Huku kwetu upande huo ndiko anakotoka mwenzio, na kila daladala la Kilwa Road litakuonyesha full mpaka ujue.

Kama lako si Land Rover

Mizani inabadilika. Mwenye Corolla ya zamani yenye injini ya 4K hana haja ya kulia kama mimi. Familia ile ya injini iliendelea mpaka 5K na 7K kwenye LiteAce na TownAce, na vitu vingi vinaazimana, kwa hiyo kwake Gerezani na spea za mtumba za Japani ndiyo njia ya kwanza na chakavu ni ya mwisho. Mwenye Datsun 1200 ya pikapu ana bahati ambayo wengi hawaijui: Afrika Kusini waliendelea kutengeneza ndugu yake, Nissan 1400, mpaka 2008. Aagize huko kabla hajahangaika na Ulaya.

Volkswagen kadhalika. Beetle ilitoka kiwandani Mexico mpaka 2003 na Kombi Brazil mpaka 2013, kwa hiyo mipira na pistoni mpya zipo duniani. Tahadhari kwake ni umeme tu: za kabla ya 1967 nyingi ni volti 6, na stata ya volti 12 itaingia bila kulalamika mpaka utakapogeuza ufunguo. Peugeot 504 ndiyo inayonipa huruma. Kila mtu anakumbuka kupandishwa nyuma ya moja akiwa mtoto, na kila mtu alishaipeleka kwenye mizani.

Kununua gari zima bovu

Hii ni njia ya tano, na baada ya hesabu zangu zote naiona ndiyo ya bei nafuu kuliko zote kwa mtu mwenye uwanja. Unanunua mkweche mmoja wa aina yako, unauchinja taratibu. Kila bolti inakuja na nati yake, kila kava na beringi yake, na unapata vile vidogo ambavyo hakuna muuzaji anayevijua: vibanio vya nyaya, kamba ya boneti, kisukumio cha kioo. Mimi mpaka sasa sijapata kitasa cha nje cha mlango wa dereva. Chakavuni vinakuja vya kushoto tu, sijui kwa nini, na vya kuagiza nimevikataa mara mbili kwa bei.

Ila usinunue bila kadi ya gari na maandishi ya mauziano, hata kama unataka vipande tu. Siku utakapohamisha injini kwenye gari lako, namba ya injini haitasoma kama ilivyo kwenye kadi, na itabidi urekebishe TRA, mamlaka ya mapato. Hapo watakuuliza injini hii umeitoa wapi, na "kwa jamaa mmoja" si jibu.

Kuna moja Mlandizi, nyuma ya duka la mbao, imezama kwenye majani mpaka kwenye taa. Ya marehemu baba yao, na mama mwenye nyumba anasema haiuzwi. Nimeshakwenda mara tatu. Safari ya mwisho nilibeba kilo mbili za sukari, nikamwamkia, tukazungumza habari za mvua, na wakati wa kuaga nikapita upande wa dereva kama mtu anayetafuta njia. Kitasa kipo. Nimemwachia namba yangu ya simu.